Fidla kuukuu kwa mwanafunzi: pima shingo kwanza, lebo baadaye

Mtu akishikishwa fidla ya zamani inayouzwa, jicho lake hukimbilia tundu lenye umbo la herufi f la upande wa uzi mnene, asome kikaratasi kilichobandikwa ndani. Akikuta "Antonius Stradivarius Cremonensis Faciebat Anno 17…", ukaguzi umekwisha, ndoto zimeanza. Stradivari alifariki Cremona mwaka 1737. Vikaratasi vya jina lake vilichapishwa kwa marundo na kubandikwa ndani ya fidla za kawaida zilizotengenezwa kwa wingi Markneukirchen nchini Ujerumani, Schönbach katika eneo la Bohemia, na Mirecourt nchini Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Watengenezaji hawakuwa wakimdanganya mtu. Walikuwa wanasema tu kwamba umbo limefuata la Stradivari. Anayedanganya ni yule anayeiuza leo huku akijifanya hajui.

Kikaratasi kina kazi moja ya maana: kukadiria umri. Neno "Germany" peke yake kwa kawaida linaonyesha chombo kilichopelekwa Marekani baada ya mwaka 1891, sheria ya forodha ya huko ilipoanza kutaka bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. "Made in Germany" mara nyingi ni ya kuanzia miaka ya 1920. "Czechoslovakia" haiwezi kutangulia mwaka 1918, kwa sababu nchi yenyewe haikuwapo. Zaidi ya hapo, funga jicho.

Tena hizo fidla za karakana za wingi zisidharauliwe, kwani ndizo zinazomfaa mwanafunzi mwenye fedha chache. Uso wake ni mbao ya sprusi iliyochongwa, mgongo na mbavu (kuta za pembeni) ni mbao ya mepo, vyote vimeshikwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, na mbao imekwisha kutulia kwa miongo mingi. Ikikarabatiwa sawasawa hutoa sauti pana ambayo fidla mpya ya bei hiyohiyo kwa kawaida haiwezi. Ikikarabatiwa ovyo, mwanafunzi atatumia mwaka mzima akidhani mkono wake ndio mbovu.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe, "imekarabatiwa". Muuzaji mmoja akilitamka anamaanisha ameipangusa vumbi na kuitia nyuzi mpya. Mwingine anamaanisha amefungua uso, ameziba nyufa na kuzitia viraka kwa ndani, amerudisha shingo kwenye pembe yake, ameranda ubao wa vidole (ule mrefu mweusi ulio chini ya nyuzi), ameweka vigingi vipya vya kukazia nyuzi, daraja jipya (kibao kinachoinua nyuzi juu ya uso) na nguzo ya sauti mpya (kijiti kilichosimama ndani ya fidla). Kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo, lakini tangazo ni lilelile. Kwa hiyo omba orodha ya kazi zilizofanyika, kwa maandishi: nini kilibadilishwa, nini kiligundishwa, nini kimeachwa. Fundi aliyefanya kazi hakasiriki kuulizwa. Mara nyingi anafurahi kupata mtu wa kumweleza.

Kisha piga hesabu hivi: bei ya kweli ni bei iliyoandikwa, ukiongeza kazi iliyobaki. Kuanzia rahisi kwenda ghali, kazi zinajipanga takriban hivi: nyuzi, kurekebisha nguzo ya sauti, daraja jipya, kuranda ubao wa vidole, vigingi vipya, kuziba na kutoboa upya matundu ya vigingi, ubao mpya wa vidole, kurudisha shingo, kufungua uso na kuziba nyufa, na mwisho kabisa kiraka cha ufa wa nguzo. Mbili tatu za mwisho zinaweza kupita thamani ya fidla yenyewe. Fidla ya bei ya kutupa inayodai kurudishwa shingo ni ghali kuliko ile ya dirishani iliyokwisha tengenezwa.

Ndiyo maana ukaguzi unaanzia kwenye shingo. Nyuzi nne zikikazwa huvuta kwa pamoja zaidi ya kilo 20, usiku na mchana, na mbao husalimu amri polepole: shingo inainuka mbele, na ncha ya ubao wa vidole inashuka kuelekea uso wa fidla. Chukua rula iliyonyooka, ilaze katikati ya ubao wa vidole, iendelee mpaka ifike daraja liliposimama. Pima ilipogusa daraja kuna urefu gani kutoka usoni mwa fidla. Kwa fidla kubwa, yaani 4/4, milimita 27 ndiyo shabaha, na 26 hadi 28 hazina ugomvi. Ukipata 24, fundi amelazimika kukata daraja fupi ili nyuzi zisikae juu mno. Daraja fupi hukandamiza uso kidogo, sauti inakuwa ya ndani ndani, na upinde ukienda kwenye uzi wa E (mwembamba kuliko yote) au wa G (mnene kuliko yote) unagonga ukingo wa fidla. Hapo hakuna nyuzi za bei ghali zitakazosaidia.

Kuna dawa ya kati na kati: kubandua ubao wa vidole, kuchomeka chini yake kabari ndefu ya mbao, na kuubandika tena. Kwa fidla ya mwanafunzi hiyo ni kazi halali, mradi kabari imekaa bila nafasi na shingo haijawa nene kiasi cha kumshinda mwenye mkono mdogo. Kisichokubalika ni skrubu au msumari kwenye kisigino cha shingo. Ukiona kichwa chake, au tundu lililozibwa kwa nta pale kisigino kinapokutana na mgongo, rudisha fidla mezani. Kagua pia kile kiulimi cha mgongo kinachopanda juu ya kisigino: ufa hapo maana yake shingo iliwahi kung'oka, na aliyeirudisha anatakiwa akueleze aliirudisha vipi.

Ukiwa na rula mkononi, pima urefu wa nyuzi. Kutoka kidaraja cha juu, pale nyuzi zinapoingia kwenye kisanduku cha vigingi, hadi ukingo wa uso panatakiwa milimita 130. Kutoka ukingo huo hadi usawa wa daraja, milimita 195. Uwiano ni 2 kwa 3. Urefu wa uzi unaopiga, kutoka kidaraja hadi daraja, unaangukia karibu na 327. Fidla nyingi za zamani zina shingo fupi kwa milimita kadhaa au mwili mrefu kupita kawaida ya 355, na sauti yake inaweza kuwa nzuri tu. Lakini mwanafunzi anajifunza umbali kwa misuli, wala hana alama za kutazama. Akizoea shingo ya 126, siku anapopewa fidla nyingine kila noti itakuwa pembeni kidogo, hasa akipanda nafasi ya tatu, ambako mkono hujipima kwa kugusa mwili wa fidla. Mpigaji mkongwe atajirekebisha baada ya dakika tano. Mwanafunzi hapaswi kupewa mtihani huo.

Ubao wa vidole uwe wa abunusi. Urefu wa kawaida ni milimita 270. Karakana za wingi zilitumia sana mbao nyepesi iliyopakwa rangi nyeusi, na rangi hiyo huishia kwenye vidole. Tazama ukingo wa chini wa ubao, au pale nyuzi zilipokwangua, kama weupe unachungulia. Mbao laini hulika mifereji chini ya nyuzi, na uzi ulio juu ya mfereji hutoa mlio wa kuwasha masikio. Fidla iinuliwe usawa wa jicho, utazame kutoka kwenye konokono, ile ncha ya shingo iliyojiviringa, kuelekea daraja dhidi ya mwanga: mifereji na mabonde yataonekana yenyewe. Bonde moja linatakiwa, refu na la taratibu, kama nusu milimita hivi katikati, ili uzi upate nafasi ya kutikisika. Mabonde madogo madogo ni ya kurandwa. Kila ukirandwa ubao unapungua, na ukingo ulio chini ya milimita 4 hauna tena nafasi kubwa.

Urefu wa nyuzi mwishoni mwa ubao ndio unaoamua kama mtoto atapenda kufanya mazoezi. Uzi wa G ukae milimita 5 hadi 5.5 juu ya ubao, wa E 3 hadi 3.5. Upande wa juu, penye kidaraja, nafasi iwe ndogo kiasi cha kupitisha kadi nyembamba tu. Mafundi wengi wa haraka husahau kidaraja hiki, wakakiacha juu. Matokeo yake kidole cha kwanza kinaumia kwenye kila uzi na noti inapanda kwa sababu uzi umevutwa kupita kiasi. Kukirekebisha ni kazi ya dakika chache kwa tupa, kwa hiyo usiikatae fidla kwa kosa hilo. Dai lifanyike kabla ya kulipa.

Sasa nyufa. Watu huziogopa zote sawa, kumbe hazilingani.

Mshono uliofunguka kati ya uso na mbavu hauhesabiki kama ufa. Gundi ya ngozi huwekwa hafifu pale kwa makusudi: hewa ikikauka na mbao ikanywea, mshono uachie badala ya uso kupasuka. Gonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka ukingo mzima. Palipo pazima panatoa mlio mmoja uliokaza, palipoachia panatoa mlio mwepesi wa kopo. Fundi anaufunga kwa gundi ya moto na vibanio, jioni hiyohiyo.

Ufa wa uso unaofuata nyuzinyuzi za mbao, ukiwa umefungwa vizuri na kutiwa viraka vidogo kwa ndani, unaweza kudumu kuliko mwenye fidla. Ufa unaoanzia chini, ubavuni mwa tandiko, kile kipande cheusi kinachobeba kamba ya kishikio cha nyuzi (kipande kinachoshika nyuzi upande wa chini), ni wa kawaida mno: uso wa sprusi hunywea, tandiko halinyweiki, mbao inapasuka pembeni yake. Aliyeziba ufa huo anatakiwa pia kuacha upenyo mwembamba kila upande wa tandiko. Kama tandiko bado limebana kabisa, ufa utarudi.

Wa kuogopwa ni ufa unaopita juu ya nguzo ya sauti. Nguzo hiyo ni kijiti cha sprusi cha unene wa kama milimita 6, kimebanwa bila gundi kati ya uso na mgongo, nyuma kidogo ya mguu wa daraja wa upande wa uzi wa E. Nguvu yote ya daraja inapita hapo. Ufa mahali hapo hauwezi kushikwa kwa gundi peke yake wala kwa viraka vya juu juu. Fundi huchimba mbao kwa ndani kama sahani na kutia kiraka kipya kilichokaa sawasawa na bonde hilo, kazi ya siku nyingi. Ukiwa usoni, bado fidla inaweza kutengenezwa na kununulika kwa bei iliyoshushwa. Ukiwa mgongoni, thamani inaanguka vibaya sana, na kwa fidla ya bajeti ya mwanafunzi jibu ni hapana. Upande wa pili, chini ya uzi wa G, ufa unaofuata upau wa besi uliogundishwa ndani nao ni mzito, kwa sababu hiyohiyo ya mzigo.

Namna ya kuziona: zima taa chumbani, ingiza kitaa kidogo cha LED chenye waya kupitia tundu la f, tazama uso na mbavu kwa nje. Ufa usiofungwa vizuri unang'aa kama uzi wa mwanga. Kisha tumia kile kioo kidogo cha daktari wa meno kuangalia ndani. Viraka vya kazi nzuri ni vidogo, vyembamba ukingoni, vimepangwa kwa nafasi, na mbao yake imekaa kinyume kidogo na ya uso. Vibao vinene vilivyomwagiwa gundi kama ugali ni ushahidi wa fundi wa meza na viti.

Kuhusu gundi, usiwe mpole. Gundi nyeupe ya maseremala au ya sehemu mbili inayogeuka plastiki haiyeyuki kwa maji ya moto kama ya ngozi. Siku mshono huo utakapotakiwa kufunguliwa, mbao itang'oka pamoja nayo. Inajulikana kwa ukingo wake unaong'aa na kuvimba kwenye mshono. Fidla iliyogundishwa hivyo shingoni au usoni imefungiwa mlango wa ukarabati wa baadaye.

Matundu madogo ya mdudu mla mbao, milimita moja au mbili, hudanganya kwa udogo wake: nje tundu moja, ndani handaki refu. Gonga fidla juu ya karatasi nyeupe. Unga mpya wa mbao ukidondoka, mdudu bado anaishi humo. Matundu ya zamani yaliyozibwa, machache, mbali na nguzo na upau wa besi, yanavumilika.

Ukichungulia ndani unaweza kukuta mambo ambayo wajuzi wa mtandaoni huyakemea: upau wa besi uliochongwa pamoja na uso badala ya kugundishwa, pembe zisizo na vipande vya kuziimarisha, ule mstari mweusi wa ukingoni umechorwa kwa wino badala ya kuchimbiwa utepe wa mbao. Hizo ni alama za kazi ya kiwango cha chini cha karakana, na bei ishuke kwa ajili yake. Mstari wa kweli una kazi ya kuzuia ufa wa ukingoni usiingie ndani, kwa hiyo uliochorwa ni upungufu wa kweli. Hata hivyo, kama shingo, ubao na nyufa vimepita, fidla ya aina hii inaweza kumtumikia mwanafunzi miaka mitatu minne bila lawama. Tungeichagua mbele ya fidla nzuri zaidi yenye shingo iliyoanguka.

Vigingi vijaribiwe kimoja kimoja. Kizungushe kidogo: kitembee bila kuruka, kisimame palepale ukiachia. Kinachoruka na kukwama kinaweza kuhitaji mafuta yake maalumu tu. Kinachoteleza hata ukikisukuma kimegusa upande mmoja wa kisanduku, kwa sababu tundu limekuwa duaradufu. Mchongoko wa kigingi na wa tundu unatakiwa kulingana, kawaida 1 kwa 30, na chaki haitibu tundu bovu. Vigingi vilivyozama mpaka kichwa kinagusa ukuta vimekwisha. Matundu yazibwe na kutobolewa upya. Mwanafunzi mdogo apewe kishikio cha nyuzi chenye skrubu nne za kutuni, kwa sababu vidole vyake havina nguvu ya vigingi. Ukitumia nyuzi za chuma skrubu hizo ni lazima. Ukitumia za kiini cha plastiki, ya uzi wa E inatosha.

Daraja ndilo kipande kinachofichua uvivu. Miguu yake ikutane na uso bila mwanya. Karatasi isipite chini yake popote. Juu liwe jembamba, milimita 1.2 hadi 1.5, si ubao mnene uliotoka kiwandani ukafungwa nyuzi. Upande unaotazama kishikio usimame wima kabisa dhidi ya uso. Nyuzi zikae kwenye mikwaruzo yake kwa theluthi moja tu ya unene. Zikizama, mlio unazibwa. Kutoka daraja hadi kishikio nyuzi ziwe na milimita 54 au 55 kwa fidla kubwa. Daraja lililokatwa kwa ajili ya fidla hiyohiyo ni dalili kwamba aliyeitengeneza alifika mwisho wa kazi.

Vipimo vyote hivi ni vya 4/4, na kuna sababu. Kwa watoto wanaotumia fidla ndogo, za 1/2 au 3/4, ukarabati hauna hesabu nzuri: kurudisha shingo ya fidla ndogo kunachukua saa zilezile za fundi, na mtoto ataiacha baada ya mwaka mmoja na nusu. Kwake, kukodi au kununua mpya iliyopangwa vizuri ni busara zaidi, isipokuwa umepata ndogo ya zamani iliyokwisha tengenezwa. Saizi ipimwe kwa mkono: mtoto aweke fidla begani, anyooshe mkono wa kushoto chini yake, vidole vizunguke konokono bila kiwiko kukaza. Kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja, 4/4 huanza kumfaa mtu mwenye sentimita 58 hivi. 3/4 hukaa karibu na 56. Ukibabaika kati ya mbili, chukua ndogo. Kumnunulia kubwa "atakua tu" ni kumfundisha kukunja kifundo cha mkono, na kukikunjua baadaye kunachukua muda mrefu kuliko kukua kwenyewe.

Sauti isikilizwe baada ya haya yote, si kabla. Masikio yakishapenda, jicho linasamehe kila kitu. Weka fidla tatu zenye bei zinazokaribiana, upinde mmoja, mpigaji mmoja, nawe simama mita nne mbali umpe kisogo. Asikuchezee kipande cha kuringishia. Apige nyuzi wazi kwa upinde mrefu wa polepole, kisha apande nusu toni moja moja kwenye kila uzi mpaka nafasi ya nne. Unasikiliza usawa: kuna uzi unaokufa? Kuna noti inayotetemeka na kugoma, mara nyingi karibu na Si au Do (yaani B au C) ya juu kwenye uzi wa G? Hiyo watu huiita mbwamwitu. Fidla nyingi zinayo kidogo, na ikiwa dhaifu nguzo ya sauti ikisogezwa kwa nusu milimita hupungua. Halafu mwanafunzi mwenyewe apige. Fidla inayoitika kwa mpigaji hodari peke yake si ya mwanafunzi. Inayotakiwa ni ile inayoanza kulia bila kusukumwa.

Kumbuka kwamba nyuzi zilizochoka hufanya fidla yoyote isikike kama imefungwa kitambaa, na nyuzi mpya za chuma hufanya yoyote isikike kali kwa siku chache. Uliza ni nyuzi gani na zina umri gani. Mlio wa kuzizima kama nyuki usiupuuze wala usiukimbie. Sababu zake za kawaida ni mshono uliofunguka, skrubu ya kutuni iliyolegea, kipumzisho cha kidevu kinachogusa kishikio, au kidaraja cha juu kilichochimbika. Bonyeza kila kimoja kwa kidole huku mwenzako akipiga. Usipoisha baada ya hapo, huenda ni ufa au upau wa besi uliobanduka, na hilo ni suala la fundi kufungua uso.

Tenga kama robo ya fedha zote kwa ajili ya upinde. Wengi humaliza zote kwenye fidla, wakachukua upinde wa bure, kisha wakalaumu fidla. Upinde kamili una urefu wa sentimita 74 hadi 75 na uzito karibu na gramu 60. Utazame kutoka kwenye kisigino kwenda kichwani: usipinde kushoto wala kulia. Ukiulegeza, katikati ya mti iguse nywele au ikaribie; ukiwa umenyooka kama rula, umekufa. Kichwa kilichovunjika na kugundishwa hakifai hata kama hakionekani, kwa kuwa kitakatika tena kwa mvutano wa nywele. Upinde wa nyuzi za kaboni wa daraja la kati ni mkombozi kwa mwanafunzi: haupindi, hausumbuliwi na hewa, na ukidondoka mara nyingi unasalimika. Upinde wa zamani wa mti nao ni mzuri, ila ongeza gharama ya nywele mpya. Ukifungua mkoba wa zamani ukakuta nywele zimekatika ovyo na maganda madogo ya kahawia kwenye pembe za kitambaa, humo mna mabuu wa mdudu anayekula nywele za pinde zilizofungiwa gizani. Mkoba huo usiutie upinde mpya.

Kwa upande wa makubaliano, ombi lililo muhimu kuliko punguzo ni kuichukua fidla kwa wiki moja ya majaribio. Iende kwa mwalimu, na ikiwezekana kwa fundi asiye na hisa kwenye biashara hiyo. Muulize mwalimu bila kuona haya kama hupata chochote kutoka kwa muuzaji. Wengine hupata, na si dhambi, lakini ushauri wake utaupima vingine. Risiti iandike saizi, hali ya fidla, nyufa zinazojulikana na kazi zilizofanyika. "Fidla moja kuukuu" si risiti. Kama muuzaji ana utaratibu wa kurudisha fidla na kuongeza fedha kwa ajili ya bora zaidi, nao uandikwe, kwa bei ipi na hadi lini.

Wiki za mwanzo nyumbani ndipo fidla iliyokarabatiwa inapojionyesha. Nyuzi mpya zinaendelea kunyooka, na kila ukikaza kigingi, sehemu ya juu ya daraja inavutwa mbele kuelekea ubao wa vidole. Mwanafunzi aonyeshwe siku ya kwanza namna ya kulitazama kwa pembeni na kulirudisha: fidla mapajani, vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili vishike juu ya daraja, uvute taratibu mpaka upande wa nyuma usimame wima. Daraja lililoachwa limelala hujikunja, na likianguka ghafla nguzo ya sauti inaweza kudondoka pamoja nalo. Ikidondoka, legeza nyuzi zote palepale, usizikaze tena, peleka kwa fundi: uso usio na nguzo ukibebeshwa nyuzi zilizokazwa unaweza kupasuka hapohapo tulipopaogopa. Kwa sababu hiyo nyuzi hubadilishwa moja moja, si zote kwa pamoja. Ndani ya mkoba weka kipimo kidogo cha unyevu. Sindano ikae kati ya asilimia 40 na 60. Na kila baada ya miezi mitatu, zungusha tena kifundo cha kidole ukingoni ukigonga. Palipotoa mlio wa kopo ndipo pa kumwonyesha fundi, kabla hapajaanza kuzizima.